Siku Moja Lisbon: kwa Miguu na kwa Tramu

Wasomaji wa safu hii huuliza mara kwa mara swali moja, nalo ni swali la haki. Je, mtu ashukaye katika mji mkubwa asubuhi na kuondoka jioni ya siku ile ile, aweza kusema kweli kwamba ameuona mji huo? Meli kubwa za matembezi za siku hizi hukaa gatini saa nane au tisa tu, kisha huondoka kwenda bandari nyingine. Abiria hurudi na picha nyingi, lakini ukimwuliza habari za mji hukutajia duka alilonunua kofia. Wazee wetu walisema kwamba mgeni ni kipofu ingawa ana macho, na mgeni wa siku moja ni kipofu zaidi.

Walakini mimi naamini kwamba saa nane zatosha kuona jambo la maana, madhali mtu achague vema namna ya kwenda. Aendaye kwa motakaa ya kukodi huuona mji kama mtu afunguaye kitabu na kukifunga. Aendaye kwa basi la watalii huambiwa atazame kulia, hutazama kulia. Bali aendaye kwa miguu, na pale miguu ichokapo akapanda gari wapandalo wenyeji wenyewe, huyo hukutana na mji uso kwa uso. Leo nataka kuwaeleza habari za mji mmoja ambao wafaa sana kuzungukwa kwa njia hiyo, na ambao una deni la zamani na pwani yetu. Mji huo ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno.

MJI NA MTO WAKE

Lisbon umejengwa juu ya vilima, ukingoni mwa mto Tagus, ambao Wareno huuita Tejo, karibu na mahali mto huo unapoingia katika bahari ya Atlantiki. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 mji wenyewe ulikuwa na watu zaidi ya 545,000, na ukiongeza miji iliyouzunguka hesabu yafika karibu milioni 2.9.

Meli itokayo baharini hupita kwanza mnara wa Belém upande wa kushoto, mnara mweupe wa mawe uliomalizika kujengwa mnamo mwaka 1519 ili kulinda mlango wa mto. Kisha hupita chini ya daraja kubwa la chuma lililofunguliwa mwaka 1966. Siku hizo daraja lilipewa jina la Salazar, aliyeitawala Ureno kwa mkono wa chuma miaka mingi. Leo huitwa Daraja la Aprili 25, na sababu yake nitaieleza mbele. Ng'ambo ya pili, upande wa kulia, yasimama sanamu ya Kristo iliyonyosha mikono, iliyozinduliwa mwaka 1959. Hatimaye meli hufunga gati chini kabisa ya mtaa wa zamani uitwao Alfama, penye jumba la abiria lililofunguliwa mwaka 2017. Hili ni jambo la bahati, maana katika bandari nyingi meli hufunga mbali na mji, na abiria hana budi kulipa nauli kubwa kabla hajaona hata nyumba moja. Hapa ukishuka ngazi na kuvuka barabara, umekwisha kuingia mjini.

Tulifunga gati saa mbili asubuhi. Pamoja nami alishuka kijana mmoja wa Likoni, mtumishi wa chumba cha kulia katika meli ile. Siku hizi vijana wetu wengi wa Pwani huajiriwa katika meli za namna hii, na huzunguka bahari zote wakiona gati tu na jiko. Kijana huyu alikuwa amepata ruhusa ya siku hiyo, kwa sharti kwamba saa kumi alasiri awe amekwisha kurudi ili aandike meza za jioni. Abiria akichelewa, atapoteza fedha na kuifuata meli kwa njia nyingine. Mtumishi akichelewa, aweza kupoteza kazi, na nyumbani kwao kulikuwa na wadogo wanne waliosomeshwa kwa mshahara ule. Basi tangu tuliposhuka, saa yake ya mkono ilikuwa mwenzetu wa tatu.

VICHOCHORO VYA ALFAMA

Jina la Alfama ni la Kiarabu, nalo lahusu chemchemi za maji ya moto zilizokuwako mahali hapo. Waislamu waliutawala mji huu tangu karne ya 8 hata mwaka 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka akisaidiwa na askari wa msalaba waliokuwa njiani kwenda Mashariki. Alama za miaka ile zimebaki katika lugha. Mreno aitaye sukari husema “açúcar”, na sisi husema “sukari”, na maneno yote mawili yametoka katika nyumba moja ya Kiarabu. Hata vile vigae vya rangi ya buluu na nyeupe vipambavyo kuta za mji mzima, vyaitwa kwa jina lenye asili ya Kiarabu.

Mtaa wenyewe umejaa vichochoro na ngazi za mawe. Nyumba zakaribiana hata wanawake wawili waweza kusalimiana dirishani bila ya kupaza sauti, na nguo zilizofuliwa zaanikwa juu ya vichwa vya wapitao. Kijana wangu alisimama kwenye kona moja, akatazama juu, kisha akacheka. “Ami,” akaniambia, “kama hapa pangekuwa na harufu ya mahamri, ningeapa kwamba niko Mji wa Kale.” Hakukosea. Mombasa, Lamu na Alfama zilijengwa na watu waliotaka kivuli wakati wa jua kali, na njia nyembamba ambazo adui hawezi kuzipita kwa wingi.

Mgeni huogopa kupotea katika mahali kama hapa. Lakini aliyelelewa katika nchi ya vilima, kama wasomaji wetu wa Murang'a na Machakos, hana sababu ya kuogopa. Ukiona njia yatelemka, fahamu kwamba mwishowe utafika mtoni. Ukiona yapanda, utafika ngomeni kwa Mtakatifu George iliyo juu ya kilima. Jambo la kuangalia ni chini ya miguu. Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mkono kama shanga. Ni vizuri mno, lakini mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Viatu vya ngozi laini viache melini, uvae vyenye soli ya mpira.

TRAMU NAMBARI 28

Baada ya nusu saa ya kupanda tulifika mahali paitwapo Portas do Sol, yaani Milango ya Jua. Kutoka ukutani hapo waona mapaa mekundu ya Alfama yateremka hadi mtoni, na meli yetu, iliyoonekana kama jumba kubwa tulipokuwa chini, sasa ilikuwa kama mtumbwi. Hapo ndipo tulipoingoja tramu.

Kwa msomaji asiyepata kuiona, tramu ni gari la abiria liendalo juu ya reli zilizozikwa katika barabara, kati ya motakaa na watu, likivutwa kwa umeme utokao katika waya uliotandazwa juu. Tramu za Lisbon zilianza kwa kuvutwa na farasi mwaka 1873, na mwaka 1901 zikaanza kwenda kwa umeme. Upana wa reli zake ni milimita 900, pungufu kidogo ya reli yetu ya zamani ya Mombasa, ambayo ni milimita 1000. Wala tusidhani kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mombasa nayo ilikuwa na vigari vidogo juu ya reli za barabarani, ila badala ya umeme vilisukumwa na watu waliokimbia nyuma yake juani.

Magari ya njia ya 28 ni madogo, ya rangi ya manjano, yenye viti vya mbao na madirisha ya kushusha. Mabodi yake ni ya tangu miaka ya 1930 hivi, lakini katika miaka ya 1990 yalitiwa mota na breki mpya. Kwa nini mji wenye treni za chini ya ardhi uendelee kutumia magari ya umri wa babu? Sababu yake ni vilima. Mahali pengine njia hupanda zaidi ya mita 13 katika kila mita 100, na kona ni kali hata gari refu la kisasa haliwezi kupinda. Gari hili fupi lenye ekseli mbili tu ndilo liwezalo. Dereva huwa mbele, mkono mmoja juu ya mpini wa umeme na wa pili juu ya breki, na reli zikiwa na maji humwaga mchanga kidogo mbele ya magurudumu ili chuma kipate kushika chuma. Katika njia moja nyembamba reli ni moja tu, na taa ndiyo huamua gari lipi lipite kwanza. Ukuta wa nyumba wapita karibu na dirisha hata ungaliweza kuugusa, usifanye hivyo.

Nasaha mbili kwa atakayepanda. Kwanza, nunua kadi ya nauli mapema katika stesheni, kwa maana alipaye ndani ya tramu hutozwa zaidi. Pili, gari hili lajulikana duniani kote, kwa hiyo lajulikana pia kwa wachopozi. Wao hupenda wakati gari limejaa na watu wote wanatazama nje. Mfuko wa nyuma ni mali ya umma. Nenda asubuhi na mapema, kabla watalii wengi hawajamaliza chai yao, na weka fedha karibu na moyo.

Gari lilishuka likilia na kupiga kengele, likapita mbele ya kanisa kuu la mji, likavuka bonde la katikati, likapanda kilima cha pili na cha tatu. Mbele yetu alikaa bibi mzee mwenye kikapu cha mboga, ambaye hakutazama nje hata mara moja. Kwake hii haikuwa ajabu. Ilikuwa njia ya kurudi nyumbani kutoka sokoni. Tukateremka kwenye bustani ya Estrela, tukanywa kahawa tukiwa tumesimama kama wenyeji wafanyavyo, kisha tukageuka kurudi kwa miguu.

JINA LA NJIA MOJA

Ukishuka kutoka Estrela, ukapita jumba la Bunge, wafika karibu na njia moja yenye maduka na migahawa iitwayo Rua do Poço dos Negros, yaani Njia ya Shimo la Watu Weusi. Watalii wengi hupita bila kuuliza. Sisi tuliuliza.

Katika karne ya 16 Lisbon ulikuwa na watumwa wengi wa Kiafrika, hata hesabu za katikati ya karne hiyo zaonyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila kumi alikuwa mtumwa. Walipokufa, wengi walitupwa ovyo nje ya mji bila kuzikwa. Mwaka 1515 mfalme Manuel aliamuru lichimbwe shimo refu la kutupia maiti hizo, kwa kuogopa maradhi, na wanahistoria wengi hulihusisha jina la njia hii na shimo hilo. Hakuna jiwe la kaburi hapo wala orodha ya majina. Kijana alisoma kibao cha njia kimya kimya, akaitazama saa yake, tukaendelea kupanda.

MAHALI ASKARI WALIPOVAA MAUA

Juu ya kilima kifuatacho kuna kiwanja kidogo chenye miti, mbele ya magofu ya kanisa la Carmo. Mambo mawili makubwa yakutana hapo.

La kwanza ni tetemeko la ardhi. Asubuhi ya Novemba 1, 1755, siku kuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitikisika kwa dakika kadhaa. Walionusurika walikimbilia mtoni, na mawimbi makubwa yakawajia huko. Kisha moto uliwaka kwa siku nyingi. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Paa la kanisa la Carmo lilianguka, na mpaka leo halikuezekwa. Matao yake yasimama wazi chini ya mbingu kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa ukame.

La pili ni la juzi. Aprili 25, 1974, maofisa vijana wa jeshi, waliochoshwa na vita vya kuwazuia watu wa Angola, Msumbiji na Guinea wasijipatie uhuru, waliipindua serikali ya kimabavu. Waziri mkuu Marcelo Caetano alikuwa amejificha katika kambi ya askari iliyo kando ya kanisa hili, na hapo ndipo aliposalimu amri jioni ile. Wananchi waliwapa askari maua ya mkarafuu mwekundu, nao wakayatia katika midomo ya bunduki. Msumbiji ukapata uhuru Juni 25, 1975, na Angola Novemba 11 ya mwaka ule ule. Wasomaji wa makamo watakumbuka kwamba mwaka 1962 chama cha Frelimo kiliundwa Dar es Salaam chini ya Eduardo Mondlane, ambaye mwenyewe aliwahi kusoma katika mji huu wa Lisbon, na ambaye aliuawa Dar es Salaam Februari 3, 1969. Kwa hiyo ukikaa kwenye benchi pale Carmo, usidhani kwamba umekaa katika historia ya watu wengine.

Kutoka hapo tulishuka bondeni kwa ngazi. Wako watu wapendao kushuka kwa lifti ya chuma ya Santa Justa, iliyojengwa mwaka 1902, ama kwa magari ya kamba yapandayo vilima. Lakini tukumbuke pia kwamba Septemba 3, 2025, waya uliounganisha magari mawili ya kilima cha Glória uliachia, gari moja likateremka bila kuzuilika, na watu 16 wakafa. Gari zuri la kizamani lahitaji uangalifu zaidi ya jipya, si kidogo. Somo hilo latufaa sisi sote tupandao matatu.

MJI ULIOPANGWA KWA KAMBA

Bonde la katikati, liitwalo Baixa, ni tofauti kabisa na Alfama. Njia zake zimenyoka kama mistari ya daftari. Baada ya tetemeko, waziri aliyejulikana baadaye kwa cheo cha Marquês de Pombal aliusafisha mji na kuujenga upya kwa mpango mmoja. Ndani ya kuta za nyumba mafundi walitia kizimba cha mbao zilizopishana, ili ardhi ikitikisika mbao zinepe badala ya kuvunjika. Mkulima wetu ajengaye kwa fito na udongo ataielewa hekima hiyo mara moja. Husimuliwa kwamba walijaribu mfano wa nyumba hizo kwa kuwaamuru askari wapige kwata kuuzunguka.

Makarani nao wana sehemu yao katika habari hii. Serikali ilipeleka hati ya maswali kwa kila parokia nchini: tetemeko lilidumu kwa muda gani, ni nyumba ngapi zilizoanguka, ni watu wangapi waliokufa, maji ya visima yalibadilika namna gani. Majibu yale yaliwekwa, na wataalamu wa matetemeko huyatumia hata leo. Karani mmoja aliyeandika kwa uangalifu kijijini kwake miaka zaidi ya 260 iliyopita bado anafanya kazi.

Tukipita madukani kijana alianza kusoma vibao kwa sauti: “mesa”, “lenço”, “bandeira”. Alishangaa kukuta meza, leso na bendera za nyumbani. Maneno hayo tuliyapata kwa Wareno, pamoja na mvinyo, karata na parafujo. Hata neno gereza asili yake ni neno lao la kanisa, na si vigumu kuona jinsi lilivyobadilika maana, kwa mtu ajuaye kwamba Ngome ya Yesu kule Mombasa ilikuwa na kanisa ndani yake, na kwamba baadaye ilifanywa kifungo.

KABURI LA BELÉM

Saa sita mchana tulipanda tramu nambari 15 katika uwanja mkubwa ulio ukingoni mwa mto. Hii si kama ile ya 28. Njia yake ni tambarare, na mengi ya magari yake ni marefu na ya kisasa, yenye maungo kama siafu. Baada ya kilomita sita hivi tukafika Belém.

Hapo pana nyumba ya watawa ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya mfalme Manuel. Fedha nyingi za ujenzi zilitoka katika kodi ya biashara ya viungo vya Mashariki. Mawe yake yamechongwa kamba za meli, matumbawe na majani. Uingiapo kanisani, upande wa kushoto lipo kaburi la Vasco da Gama. Upande wa kulia lipo la Camões, mshairi aliyeisifu safari yake katika utenzi uliochapishwa mwaka 1572, ambamo Mombasa na Malindi zimetajwa. Sanamu ya baharia imelala juu ya kaburi, mikono imekutana kifuani kama mtu aombaye.

Da Gama aliondoka hapa Belém Julai 8, 1497. Alifika Mombasa Aprili 7, 1498, hakupatana na wenyeji, akaenda Malindi, ambako mfalme alimpokea na kumpa mwongozaji wa kuvuka bahari. Aliondoka Malindi Aprili 24, akafika Calicut, Bara Hindi, Mei 20. Bila ya mtu yule wa kumwongoza, asingalivuka kwa siku 26. Alikufa Cochin mwaka 1524, na mifupa yake ililetwa katika kanisa hili mwaka 1880.

Kijana alisimama muda mrefu. “Ami, ndiye huyu aliyetuchomea mji?”

“Siye, mwanangu. Huyu alifungua njia, na mwaka 1502 aliwatoza Kilwa kodi kwa vitisho. Aliyeuchoma Mombasa mwaka 1505 ni Almeida, na da Cunha, aliyeuteka mwaka 1528, akauchoma tena.”

“Basi na wale waliokufa katika moto ule, makaburi yao yako wapi?”

Sikuwa na jibu, kwa maana hawana kaburi lililochongwa kamba wala matumbawe. Nilimwambia tu yale niyajuayo: kwamba Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwamba mwaka 1698 Waomani waliitwaa baada ya kuizingira tangu mwaka 1696, na kwamba watu wa Mombasa wangali wanakaa kando ya ngome ile, na jeshi lililoijenga halipo. Aliwaza kidogo, akasema, “Kwa hiyo kaburi letu ni mji wenyewe.” Nikaona kwamba neno hilo halihitaji kuongezwa.

Tulikula vile vikate vya mayai na maziwa vya Belém, viuzwavyo hapo tangu mwaka 1837. Ni vitamu, na hula cha pili hata asiyekusudia.

SAA KUMI KASORO DAKIKA KUMI

Saa tisa kasoro robo tulipanda tramu ya kurudi. Tulipokuwa katikati ya njia gari lilisimama. Mtu mmoja alikuwa ameiacha motakaa yake gurudumu moja juu ya reli, akaenda zake. Dereva wa basi angaliweza kuizunguka, lakini tramu haina usukani. Dereva alipiga kengele, akapiga tena. Wenyeji walifungua magazeti yao. Kijana alitazama saa, na jasho likamtoka, ingawa mchana ulikuwa wa baridi.

Laiti tungalikuja kwa motakaa ya kukodi tusingalijua tuko wapi. Lakini asubuhi tulikuwa tumeuona mji wote kutoka juu, na tulijua kwamba mto uko upande wetu wa kulia na meli iko mbele, ukingo ule ule, mwendo wa dakika arobaini. Tukashuka tukaenda kwa miguu, tukaupita uwanja mkubwa, tukaipita forodha ya zamani, wala hatukuuliza njia hata mara moja. Saa kumi kasoro dakika kumi kijana aliipanda ngazi ya watumishi. Saa moja baadaye nilimwona chumbani mwa kulia amevaa koti jeupe, akipanga uma na visu juu ya kile Wareno wakiitacho “mesa”.

JIBU LA SWALI

Basi narudia swali la wasomaji. Mtu hawezi kuujua mji kwa siku moja, lakini aweza kuuona, akifuata mambo machache. Asome kidogo kabla ya kushuka. Apande kwanza mahali pa juu ili aweke ramani kichwani. Achague njia moja ya tramu na aipande mpaka mwisho, badala ya kugusa-gusa kumi. Aulize maana ya majina ya njia, kwa kuwa mara nyingi jina husema lile ambalo sanamu hazisemi. Na aanze kurudi mapema, akijua namna ya kufika kwa miguu iwapo magurudumu yatagoma.

Tena asione haya kwamba ni mgeni mweusi katika mji wa watu. Katika Lisbon utawakuta watu wa Cabo Verde, Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji sokoni, viwanjani na ndani ya tramu, wengi wao wazaliwa wa hapo hapo. Babu zao walihesabiwa mjini humo kabla tetemeko halijaangusha kanisa la Carmo. Mwafrika apandaye tramu ya 28 anapita katika mji ambao mikono ya watu wake ilisaidia kuujenga, na anayo haki ya kuutazama kwa macho mawili wazi.

Wasomaji wenye maswali juu ya safari za meli, au wenye watoto wanaofikiri kutafuta kazi huko, waendelee kutuandikia. Yatakayofaa kwa wengi tutayajibu katika safu hii.